Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Morogoro. Asubuhi ulipofika mezani petu ulinusa chupa namba nne ukarudi nyuma hatua mbili. Tunaomba radhi. Ilikuwa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Harufu kama hiyo huweza kutoka kinywani mwa mgonjwa wa kisukari ambaye mwili wake, kwa kukosa insulini, umeacha sukari na kuanza kuchoma mafuta. Daktari anayeijua huanza kushuku kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila pumzi tunayotoa imebeba kemikali nyingi zinazogeuka mvuke kwa urahisi. Mwaka 1971 mkemia Mmarekani Linus Pauling aligandisha pumzi ya binadamu, akaichambua na kukuta kemikali zipatazo 250. Ugonjwa ukiingia, mchanganyiko huo hubadilika.

Lakini fundi wa kazi hii ya kunusa ugonjwa tunaye jirani. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Nyumbani kwa wengi wetu panya buku ni mwizi wa mahindi, na kwa wengine, tusifichane, ni kitoweo. Kule ni mfanyakazi. Makohozi huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, kisha vikopo hupangwa chini ya matundu kwenye sakafu ya kizimba. Panya hupita akinusa tundu moja baada ya jingine. Akikuta harufu ya kifua kikuu husimama kama sekunde tatu, hukwaruza kwa miguu, na akipatia hulambishwa ndizi iliyopondwa na parachichi. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini angeifanya kwa siku kadhaa. Hata hivyo panya hatoi hukumu: alichokinusa hupimwa tena maabara, na ndipo mgonjwa huitwa.

Mbu naye hajambo. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba harufu ya watoto wenye vimelea vya malaria huwavutia mbu zaidi.

Sisi wanaklabu hatuziamini sana habari za kifaa kimoja cha kupuliza kitakachotaja kila ugonjwa. Sigara, kitunguu na jino bovu navyo hubadili pumzi, na kuvitenganisha na ugonjwa ndiyo kazi ngumu iliyobaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maabara yetu haina feni ya kutolea hewa. Majaribio ya harufu tunayafanyia chini ya mwembe, na upepo ukivuma tunaanza upya. Jumanne iliyopita tulianza upya mara tano. Tunaomba utusaidie feni moja, pamoja na mafuta ya basi ili tukawaone panya hao kazini kwa macho yetu.

Chupa namba saba hujainusa. Ipo mezani, kifuniko kimekazwa.

Tunaomba kuwasilisha.