Salum, nitafutie jina moja huko Dar

Jinja, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salum,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, mvua imezidi, na Wasswa bado anakudai ile baiskeli. Najua nimekunyamazia tangu Idi. Utanitukana tukionana, ila leo nina shida.

Shangazi anajengea makaburi ya ukoo na anataka jiwe lenye majina ya wazee wote. Baba yake babu hana kaburi. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, alichukuliwa upagazi, awabebee Waingereza mizigo wakimkimbiza jemadari wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck huko kwenu, asirudi tena. Sasa Shangazi anadai nilete mwaka aliokufa na mahali. Nikamuuliza nani aliandika. Akasema Wazungu waliandika kila kitu. Haya.

Nikaenda Kampala, kwenye mnara wa vita pale Constitution Square. Mlinzi akaniuliza nimekuja kuandamana au kupumzika. Nikamjibu namtafuta babu yangu, akanipisha huku anacheka. Jina sikuliona.

Askari wa Keya, lile jeshi la Waafrika la Mwingereza, angalau alikuwa na namba ya jeshi. Mpagazi je? Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Baada ya miaka mia, Salum! Nilipomsomea Shangazi aliuliza kama radhi hiyo inakuja na saruji.

Ile Sanamu ya Askari hapo mjini kwenu, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi, lakini kwa jumla tu. Kwa hiyo usihangaike nayo. Nenda kwenye makaburi ya vita, Barabara ya Bagamoyo, uombe kitabu cha majina. Nimekuandikia jina lake nyuma ya karatasi hii, kwa namna tatu, maana karani Mwingereza angeliandika alivyolisikia. Na wewe unauza dukani Kariakoo, penye kambi ya zamani ya wapagazi, usiniambie ni mbali.

Utaweza kwenda kabla ya mwisho wa mwezi? Wanaruhusu kupiga picha? Pana wapagazi wa Uganda humo, au ni askari watupu? Tusipompata, tuandike nini kwenye jiwe: 1917 na alama ya kuuliza? Mama Zai amepona mguu? Na baiskeli nimwambieje Wasswa?

Wako,
Okello