Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafanyakazi wa Kliniki za Wanyama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: semina ya kumshika mnyama mkali, semina ya uvujaji wa gesi ya nusukaputi, ugawaji wa masanduku ya kutupia sindano, na ukaguzi wa aproni za madini ya risasi za kukinga mionzi katika vyumba vya eksirei. Aproni 2 zilikutwa zimepasuka kwa ndani, zimeondolewa. Chanjo ya kujikinga na kichaa cha mbwa inaendelea. Nawashukuru wote waliojitolea.

Takwimu ni hizi. Tuko wanachama 83; waliolipa ada ya mwaka mzima ni 31. Ajali zilizoandikwa madaftarini ni 47: kuumwa na paka 19, kuumwa na mbwa 14, kuchomwa sindano 8, mateke na kubanwa 6. Madai ya fidia yaliyofunguliwa ni 5.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisikia likisemwa pembeni mwaka mzima: uamuzi wa kutumia mfuko wa dharura kumsaidia mwenzetu aliyekuwa na deni la ada la miezi 7.

Mwenzetu huyo ni mhudumu wa vizimba. Jumamosi jioni, akimtoa paka kizimbani, aliumwa kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nilikiona kidole hicho kwa macho yangu. Palikuwa na vitundu viwili kama vya sindano, na mwenyewe anasema damu haikutosha hata kulowesha pamba. Alibandika plasta akamalizia zamu. Alfajiri mkono ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Wengi wetu tunaogopa jino la mbwa na kulidharau la paka. La mbwa hupasua na kuponda. La paka ni jembamba, linazamisha bakteria ndani kabisa, kisha ngozi inajifunga juu yake. Likifika kwenye kiungo, usiku mmoja unatosha kuharibu mambo. Ilibidi apasuliwe, kiungo kikaoshwa kwa ndani. Leo mkono huo haukunji ngumi.

Mwajiri alitoa hoja mbili za kupinga fidia: hakuvaa glavu, na ajali haikuandikwa. Ya glavu haikunisumbua. Katika nchi nyingi sheria ya fidia haiulizi nani alizembea, inauliza kama uliumia ukiwa kazini, na msingi huo ni wa tangu bima ya ajali za kazini ya Ujerumani ya mwaka 1884. Ya daftari ndiyo iliyoninyima usingizi, maana ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu. Nilikwenda kliniki hiyo mara 4, kwa nauli yangu. Mara ya nne nikaomba jalada la paka mwenyewe. Daktari wa zamu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Tahadhari, ameuma mhudumu," pamoja na tarehe na saa. Jalada la paka ndilo lililosimamisha madai ya binadamu.

Muda wa kuwasilisha madai ulikuwa umebaki siku 9 na wakili alihitaji malipo ya awali. Niliitisha mkutano wa dharura, mkaja 11. Nikauitisha tena, mkaja 14. Akidi yetu ni 28. Wanaouliza kwa nini hawakushirikishwa, orodha za mahudhurio ziko kwa katibu, na baadhi ya majina yao sikuyaona humo. Kifungu cha katiba kuhusu wenye deni la ada nakijua vizuri, nilikuwa miongoni mwa waliokiandika. Lakini katiba hiyohiyo inawaruhusu viongozi watatu kuidhinisha matumizi ya dharura, nasi tulitia saini wote watatu. Mwenzetu si ndugu yangu, kama ilivyodaiwa. Ningeulizwa tena kesho, ningetia saini.

Madai yamekubaliwa. Gharama za matibabu zimelipwa, na ulemavu wa kidole bado unatathminiwa. Mwenzetu amelipa deni lake lote la ada na amerudisha theluthi mbili ya fedha za mfuko.

Ndugu zangu, andikeni. Kuumwa kudogo, mkwaruzo, sindano ya chanjo ya brusela (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu) iliyokuteleza ikakuchoma, choa kwenye mkono, vyote viingie daftarini siku hiyohiyo, mkishaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, una jedwali la magonjwa ya kazini, na humo kazi ya tiba ya wanyama imetajwa waziwazi katika kipengele cha magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo haki mnayo. Ushahidi ndio hamna. Na mgongo je? Sote tunanyanyua mbwa wazito hadi mezani kila siku, lakini katika ajali 47 hakuna mgongo hata mmoja.

Kuhusu ada, inaniuma kusema kwamba wanachama 52 wana deni, na wengine ndio wa kwanza kunipigia simu usiku wakiumwa. Napokea simu hizo na nitaendelea kuzipokea. Ila wakili halipwi kwa simu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuzungumza na waajiri kuhusu chanjo kwa wahudumu wote, na ikiwezekana kupata mashine za kunyanyulia wanyama. Tutaona mfuko utakavyoruhusu.

Mweka hazina atasoma hesabu sasa. Daftari la ada liko mezani kwake, na litabaki wazi hadi mkutano ufungwe.

Mwenyekiti