Siku Mbili Gereji kwa Ajili ya Nati Moja

Mwezi uliopita mteja mmoja aliondoka hapa amenuna. Gari lake lina zaidi ya miaka ishirini na lilikuwa linawaka linapotaka lenyewe. Asubuhi linaitika vizuri. Mchana, likiwa limetoka safari, linafanya "tak" moja na kunyamaza, kisha baada ya robo saa linawaka kama vile hakukuwa na lolote. Tulikaa nalo siku mbili. Alipokuja kulichukua akauliza tumebadilisha kifaa gani. Hakuna, tukamjibu. Tumefungua nati ya waya wa ethi, ule unaorudisha moto kwenye betri, pale kwenye gia boksi, tumesugua kutu, tumerudisha na kukaza. "Siku mbili mnakaza nati?" Alilipa, ila uso wake ulisema amepigwa. Na si wa kwanza kuondoka na uso ule, ndiyo maana naandika.

Kukaza kulichukua dakika kumi. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye kujua ni nati ipi, katika gari ambalo likifika gereji linapona. Hitilafu ya kuja na kuondoka huwezi kuipima wakati haipo. Siku ya kwanza tulipiga stata mara zaidi ya thelathini, halikugoma hata mara moja. Siku ya pili tuliliendesha hadi injini ikapata moto sawasawa, tukaliegesha juani, ndipo likagoma. Tukaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kijana akapiga stata. Waya mzima hapo haupotezi hata volti 0.2. Sisi tulisoma 4 na ushee. Betri ilikuwa na moto wa kutosha, njia yake ya kurudi ndiyo iliyoziba.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshanunua betri mpya na stata ya mtumba. Zile alizotoa zilikuwa nzima.

Hii ndiyo njia ya mkato inayotuletea wateja wengi wenye hasira: "Weka betri mpya kwanza, tuone." Betri mpya huficha ugonjwa. Kama kuna kitu kinanyonya moto usiku, betri changa itavumilia wiki mbili tatu, utasema gari limepona, kisha mambo yanarudi pale pale na betri yako mpya imeanza kuchoka kwa kuishiwa mara kwa mara. Pima kwanza. Betri iliyopumzika saa kadhaa isome volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni tupu. Usipime gari likiwa ndiyo kwanza limezimwa, namba itakudanganya. Wakati wa kupiga stata volti zisishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma, alternata, ile inayochaji betri, itoe kati ya 13.8 na 14.5. Vipimo hivi vitatu havimalizi dakika tano, na fundi anayekuuzia betri bila kuvifanya anabahatisha kwa pesa yako.

Kuna bwana alinunua betri tatu ndani ya mwaka mmoja. Gari likikaa siku tatu bila kutembea, halitoi hata mlio. Tulipopima, lilikuwa linavuta ampea 0.4 likiwa limezimwa na kufungwa. Gari zuri huwa chini ya miliampea 50. Tukaweka simu inayorekodi ndani ya buti na kufunga. Video ikatuonyesha taa ya buti inawaka muda wote, swichi yake imechakaa. Balbu ya wati 5! Betri ya ampea-saa 45 inakauka nayo kwa siku nne au tano.

Kipimo cha namna hiyo ndicho wateja wanachokiona kama uvivu. Baada ya kufunga milango, kompyuta za gari zinahitaji muda ili zilale, mara nyingine zaidi ya nusu saa, na ukifungua mlango unaziamsha zote, unaanza upya. Kwa hiyo tunafunga gari, tunafunga kitasa cha boneti kwa bisibisi ili gari lidhani boneti imeshuka, tunakaa. Hatuchomoi fyuzi ovyo. Tunapima milivolti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake, ile inayopitisha moto inajitaja. Katika magari ya umri huu mimi huanza kushuku vilivyoongezwa baadaye: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari, kila nyaya zilizosokotwa na kuvishwa selotepu.

Alternata nayo ina visa vyake. Dayodi yake, inayozuia moto usirudi nyuma, ikifa, alternata inaweza kuchaji mchana kwa kusuasua na kunyonya betri usiku. Kaboni zinazosugua ndani yake zikiisha, taa ya betri inamulika kwenye mashimo na kuzima kwenye lami. Mama mmoja aliambiwa na mafundi wawili kwamba anaota. Tulipoligonga ganda la alternata kwa mpini wa nyundo, taa ikawaka mbele yake.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote. Mtu anawasha gari, anachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, likiendelea anasema alternata ni nzima. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alternata. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa, na hapo dayodi au kontrol boksi (kompyuta ya injini) inakwenda. Magari ya kabureta yalivumilia mchezo huo, ndiyo maana wazee wa kazi bado wanaufundisha. Tumepokea gari lililokuja na tatizo la mkanda uliolegea tu, likaondoka na kontrol boksi nyingine kwa sababu ya kipimo hicho kilichofanyika njiani. Mwenye kuweka waya wa kawaida mahali pa fyuzi sina la kumwambia, waya mkuu ukiungua utamwambia.

Kuhusu bei: kutafuta tunatoza kwa saa, na tunasema kiwango kabla ya kufungua boneti. Tukifikia saa tulizokubaliana bila jibu tunakupigia simu, hatuendelei kimya kimya. Ukitaka kupunguza saa hizo, andika kila linapogoma: injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua ilinyesha, lilikaa muda gani. Angalia taa za dashibodi unapopiga stata. Zikififia hadi kuzima, tutaanza na betri na vichwa vyake. Zikibaki na mwanga wake na stata haishtuki, tutaanza na swichi ya funguo, rilei, waya mdogo wa stata au ethi ya injini. Yule wa nati, baada ya kumuuliza sana, alikumbuka taa zake hazikuwahi kufifia. Angetuambia asubuhi ya kwanza, tungemwokolea siku moja.

Na likigoma ukiwa karibu nasi, usilisukume wala usiombe moto wa gari jingine. Tupigie, tuje na mita likiwa bado limegoma.