Moyo wa mama haukuwa na maradhi

Mhariri,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti lako.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Pemba, sina haja ya kukitaja. Daktari, kijana mpole aliyetoka nje ya kisiwa, akamuuliza anasumbuliwa na nini. Mama akamjibu: "Moyo wanichafuka, mwanangu, tangu jana usiku. Na kisunzi." Kijana akaandika moyo. Tukaelekezwa kwenye foleni ya kipimo cha moyo, na hapo tukakaa mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Akapita muuguzi mmoja mwenyeji, mtu mzima, akamwamkia mama, akamtazama usoni, akauliza: "Jana mulikula nini?"

Pweza aliyelala.

Dakika kumi baadaye tulikuwa nje, pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, mkononi.

Simlaumu daktari. Kwao watu husema kichefuchefu. Kwetu moyo ndio unaochafuka. Mzee wa huku akisema ana mshipa, pengine ni ngiri au busha, na aibu inamzuia kuonesha. Safura waliyoijua bibi zetu, mtu kupauka na kuishiwa damu kwa sababu ya minyoo, vijana wengi hata hawajaisikia.

Na jambo lenyewe si la jana. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani wengi tunaiita ya Wachina, na haki tunayo: ilijengwa kwa msaada wa China, ikajengwa upya kwa msaada wa haohao na kufunguliwa tena mwaka 2016. Madaktari wa jimbo la Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964. Wametufaa sana, wala sisemi kwa kujikomba. Lakini huja kwa zamu. Timu ikishaanza kuelewa "tumbo lanisokota" maana yake nini, muda wake umekwisha, inafunga mabegi na nyingine inashuka. Mgonjwa aliyevuka kwa mashua kutoka Makoongwe au Kisiwa Panza anafika na maneno yake ya nyumbani, na mara nyingi maneno hayo hupita kwenye Kiingereza kabla ya kufika kwenye Kichina. Njiani huko si ajabu moyo ukageuka moyo kweli.

Ombi langu ni dogo. Tunao wauguzi na wakunga wastaafu waliofanya kazi miaka na miaka katika vituo hivi, sasa wamekaa mabarazani wanachambua mchele. Wizara ya Afya iwape posho, mmoja akae pale mapokezi kila asubuhi, asikilize kwanza kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari mgeni. Na katika muda wao wa mapumziko waandike daftari la maneno ya maradhi tunavyoyasema sisi, kila daktari anayeshuka bandarini akabidhiwe nakala. Najua nitajibiwa bajeti. Kiti, meza na daftari, Mhariri. Jengo tunalo tayari.

Mama nimemshauri siku nyingine aseme kichefuchefu ili yaishe. Amekataa. Anasema hilo ni neno la redioni.

Msomaji wako,
Mkoani, Pemba