Msilete rupia za Mjerumani kuyeyushwa

Mhariri,

Mimi ni sonara hapa Majengo, Dodoma, kazi niliyorithi kwa baba. Wiki iliyopita kijana kutoka Bahi aliniletea rupia ya mwaka 1906 waliyoifukua wakichimba msingi wa nyumba. Alitaka niiyeyushe, nimtengenezee mama yake hereni. Mizani ilisoma gramu 11 na ushee. Sehemu kubwa ni fedha. Upande mmoja yupo Kaiser, mfalme wa Wajerumani, na kofia yake yenye tai, jina limeandikwa kwa Kilatini. Nilikataa kuitia motoni.

Nimesoma sana habari za sarafu, na zinazonigusa kuliko zote ni za Waviking, mabaharia wapiganaji wa kale kutoka kaskazini mwa Ulaya, waliotawala York, Uingereza. Watu wale walizoea kupima fedha kwa uzito tu: bangili inakatwa vipande, inatobolewa kwa ncha ya kisu kuona kama ni halisi. Hata mimi sinunui kitu kabla ya kukikwangua kwa tupa. Baadaye wafalme wao wakaanza kupiga sarafu zao. Anlaf Guthfrithsson, aliyeshika York mwaka 939 hadi 941, alichora kunguru aliyekunjua mabawa, na cheo chake hakukiandika kwa Kilatini kama wenzake. Aliandika CVNVNC, yaani mfalme kwa lugha ya kwao. Kisarafu chenyewe hakifiki gramu 2, lakini nikilitazama neno lile kwenye picha namsikia mtu akijitaja.

Mwaka 1840 vibarua waliokuwa wakikarabati kingo za mto Ribble, pale Cuerdale, hukohuko Uingereza, walikuta sarafu zaidi ya 7,000 pamoja na vipande vya fedha. Mfalme Cnut wa York tunamjua kwa sarafu zake, na nyingi zilitoka kwenye shimo lile. Zingeyeyushwa, jina lake lingepotea. Hata kwetu, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani yetu.

Nawaomba masonara wenzangu wa Dodoma, Singida na Kondoa: mtu akileta sarafu ya kale, mwulizeni kwanza aliipata wapi na kwenye kina gani, muandike, kisha mwelekezeni kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Msiisugue hata kwa majivu, maandishi yanafutika.

Yule kijana aliondoka na rupia yake ndani ya kitambaa. Hereni za mama nimezitengeneza kwa fedha yangu, atalipa baada ya kuvuna alizeti.

Sonara,
Majengo, Dodoma