Wenye gereji Tabora, acheni kuagiza "ile nyekundu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi na wenye magari wa mkoa wetu. Nauza spea na oili hapa Ng'ambo, Tabora mjini, duka aliloniachia marehemu mume wangu. Karibu kila siku kijana wa bodaboda anafika mbio, pikipiki hata hajazima, ananiambia, "Mama, fundi kasema nimpelekee ile nyekundu lita nne." Ya gari gani? Hajui. Nikimpigia fundi mwenyewe, anakuja juu: "Mama, oili ya gia boksi ni oili ya gia boksi, mpe tu!"

Simpi. Najua anakwenda duka la pili na atapewa, tena ya kupimiwa kutoka dumu lisilo na lebo.

Wekundu ule ni rangi inayotiwa kiwandani ili oili ikivuja chini ya gari uitofautishe na ya injini. Basi. Oili za gia boksi za Toyota, T-IV na WS, ni nyekundu, na Dexron, aina nyingine, ni nyekundu pia. Mazoea haya nayajua yalikotoka: Hiace nyingi za zamani zinatumia Dexron kwenye usukani, fundi akinunua galoni anajaza usukani, kinachobaki anakimimina kwenye gia boksi ya gari lolote litakaloingia gereji kesho yake. Sasa WS ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota wenyewe hawataki moja ikae mahali pa nyingine.

Magari ya CVT, yaani yenye gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, zikiwemo zile Nissan X-Trail zinazoingia kwa wingi, ndiyo yananitia huruma. Mle ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Nissan wana NS-2 na NS-3 kwa kazi hiyo. Ukiweka ATF, yaani oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, mkanda unateleza, unakwangua puli, na hapo fundi anasema "tatizo ni la Wajapani". Bei ya gia boksi nyingine si ya kumwomba shemeji.

Jibu mara nyingi liko ndani ya boneti. Toyota nyingi za otomatiki zina kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, na juu yake imechongwa aina ya oili. Kisomeni. Kama gari halina kijiti kabisa, ujue kipimo chake kinaangaliwa oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Hiyo si kazi ya kufanyia chini ya mwembe kwa kukisia. Jambo jingine: ukifungua nati ya chini ya gia boksi ya otomatiki oili haitoki yote, sehemu kubwa inabaki kwenye tokikonveta, chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha washa gari, pitisha gia zote, ndipo uangalie kijiti. Nimeona magari yamejazwa mpaka oili inatokea juu kwa sababu mtu alisikia "gia boksi hii inakula lita saba".

Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, nayo ina vituko vyake. Wapo wanaokuja kutafuta oili ya difu ya Toyota IST ambayo si ya magurudumu manne. Kwenye gari hilo la kuvutwa na matairi ya mbele, difu imo ndani ya gia boksi na inaoga oili ile ile. Hao nawarudishia hela zao.

Kwa Hiace na pikapu zinazobeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua, difu iko nyuma na inataka oili ya gia ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya uzito namba 90 au 80W-90. Mteja akiona 90 anadhani ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo ni viwili tofauti. 90 ya gia inakaribiana uzito na 40 au 50 ya injini. Kwa hiyo anayejaza oili ya injini kwenye difu "kwa muda tu" hajakosea sana kwenye uzito. Kinachokosekana ni dawa ya salfa na fosforasi inayozuia pinioni na kraunwili, gia mbili kubwa za difu, zisilane zinapogandamizana. Dawa hiyo hiyo lakini inaweza kudhuru sinkronaiza za shaba, pete zinazolainisha kuingia kwa gia, ndiyo maana baadhi ya gia boksi za kubadili kwa mkono zinataka GL-4, yenye dawa hiyo kidogo zaidi. Nyingine zinakubali zote mbili. Kitabu cha gari kiamue, si fundi wala mimi.

Na masika haya, madereva wanaovuka maji wakaangalie kipumulio cha difu, kile kitundu cha kupitishia hewa. Difu ikiwa ya moto ikazama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiziba kwa tope, maji yanapenya kwenye sili. Ukifungua ukakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo. Ila anza na nati ya kujazia, ya juu, kabla ya ile ya kumwagia. Nati ya juu ikigoma na ya chini umeshaimwaga, gari litalala hapo.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Mkituma kijana, mpeni karatasi yenye aina ya gari, mwaka, na maandishi ya kwenye kijiti. Hata picha kwa simu inatosha. Mkimaliza kazi, mwandikieni mwenye gari mmeweka oili gani na gari lilikuwa limefika kilomita ngapi. Na wenzangu wa maduka wanaouza kwenye madumu bila lebo, bandikeni basi hata karatasi.

Muuza spea,
Ng'ambo, Tabora