Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania): tufundisheni na kuongoza saiti, sio kukokotoa tu

Ndugu Katibu Mtendaji, shikamoo. Najua barua za ofisi hazianzi hivyo ila hii sio ya ofisi, naichapa kwenye simu nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji huku Buhongwa, Mwanza, tunasubiri gari la kokoto ambalo toka saa 2 asubuhi tunaambiwa lipo njiani.

Mimi ni injinia wa ujenzi, nina miaka michache tu kazini. Nakuandikia wewe kwa sababu programu ya digrii haifundishwi mpaka ipite kwenu TCU, kwa hiyo nikilalamika kwa mkuu wa idara wangu wa zamani atanisikiliza, atacheka, atanipa soda, basi.

Ngoja nikupe kisa. Saiti yangu ya kwanza ilikuwa mtaro wa bomba la maji kupanda mlimani, hapa hapa mjini, kampuni siitaji. Hesabu za presha nilikuwa nazo kichwani, kipenyo cha bomba ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia. Sasa Mwanza wote tunaijua, ni mawe, unachimba nusu mita unakutana na jiwe saizi ya daladala. Kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, kuchimba udongo kuna bei yake na kuchimba mwamba kuna bei yake, na ya mwamba ndiyo kubwa, sasa siku vijana walipogonga mwamba wakanipigia injinia huku pagumu tufanyeje, nikawajibu kwa simu tu, "pasueni muendelee". Sikumwita konsaltanti, yule mhandisi mshauri anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, tukapima pamoja, sikuandika barua, hata picha yenye futi kamba pembeni sikupiga. Wakapasua, wakalaza bomba, wakafukia. Mwisho wa mwezi tunapeleka dai la mwamba, konsaltanti anauliza mwamba wenyewe uko wapi, na mimi nipo pale namwonyesha udongo uliofukiwa vizuri kabisa.

Hela haikutoka. Bosi akasema vibarua wasubiri, wakasubiri wiki mbili, halafu asubuhi moja wakaweka sururu chini wakakaa kivulini kwenye mwembe wananiangalia. Niliwakwepa siku 3 nzima najifanya nasoma ramani. Aliyeniokoa ni foremani, mzee wa Kisukuma aliyeishia darasa la 7, alienda akakaa nao chini kabisa (mimi nilikuwa nawasemesha nimesimama, na miwani ya jua juu), akasalimia salamu ndefu ya kwao, akauliza watoto, akauliza mpunga, ndio akagusa habari ya hela. Akarudi akaniambia, "mwanangu, hawa hawadai yote leo, wanataka kujua ni lini, na wanataka wasikie kwako." Nikaenda, nikawaambia tarehe, nikaomba radhi. Saa 5 sururu zikaanza kulia.

Sasa niambie, kwenye digrii ya miaka minne yenye krediti 480, hayo niliyafundishwa wapi? Tulikuwa na somo moja la usimamizi mwaka wa mwisho, tukalikariri usiku wa kuamkia mtihani, faida 5 za mipango, hasara 5 za kukosa mipango, tumemaliza.

Ninachoomba wenzetu Marekani wanakiita maina (sio yule Maina wa Nyeri), yaani fani ndogo unayobeba pembeni ya fani yako kuu. Unabaki injinia wa ujenzi au wa umeme au wa mitambo, digrii ni ile ile, ila unachagua masomo kama matano au sita ya mkondo mmoja, na mkondo ninaouomba mimi ni usimamizi na uongozi wa kihandisi, na inaonekana kwenye cheti cha matokeo. Na sio mambo ya juzi, chuo cha Missouri pale Rolla kilifungua idara ya usimamizi wa uhandisi mwaka 1967.

Ila tafadhali isije ikawa ile ya "taja aina za viongozi". Mtu afundishwe kupanga ratiba ajue ni kazi gani ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja, na ipi unaweza kuiacha ilale wiki bila madhara. Asome mkataba kama anavyosoma mchoro, ajue dai linaandikwa lini na kwa nani. Asome mtiririko wa hela, maana mkandarasi anaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado akakosa ya mafuta ya genereta. Halafu watu. Hapo ndio muweke muda mwingi, tena kwa vitendo, zile wiki za PT (mafunzo kwa vitendo) mwanafunzi apewe kikundi cha watu kumi akiongoze kweli, sio kutumwa vocha. Na sio sisi wa zege tu, injinia wa majokofu kiwanda cha minofu naye ana zamu za usiku na mafundi wanaogombana.

Mtasema masta ipo. Ipo, na ada yake ipo, na unaifuata ukiwa umeshaungua. Mtasema Bodi ya Wahandisi ina SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu, miaka mitatu chini ya injinia mzoefu, ni kitu kizuri sana nakubali, ila inategemea umeangukia kwa mzoefu yupi.

Sisi wa ziwani hili jambo tunalibeba tofauti kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, uwezo wake abiria 101, waliokufa peke yao walizidi 200. Hesabu ya kihandisi ilishafanyika, namba ilikuwepo. Mimi naona kilichokosekana ni mfumo, na mtu wa kusimama gatini siku ya gulio akasema imetosha, na wakamsikiliza. Hiyo nayo inafundishika.

Saizi tuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, nikipita natembea na shingo ndefu. Makampuni yaliyolijenga ni ya Wachina. Mainjinia wetu walikuwepo na wamejifunza, ila natamani la pili anayeongoza kikao cha Jumatatu awe mtoto wa Sengerema.

Kwa hiyo chuo kikileta mtaala wa uhandisi kuhuishwa, waulizeni hilo tu, maina iko wapi. Anzeni hata na kimoja huku Kanda ya Ziwa, saiti zipo, wanafunzi waleteni, hata kwangu.

Gari la kokoto ndio linaingia, dereva anadai ana haraka anataka kumwaga. Hamwagi mpaka nipime, na tusaini wote wawili.